Mchi na Uzi

Palikuwa na nchi, na ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure, maana ramani zake zote zilichapwa kwa herufi hizi hizi ninazotaka kuzisimulia, na hazisomeki. Ilikuwa nchi ya amani. Amani hiyo ilikuwa na wizara yake, kikosi chake na mbwa wake, na kila raia aliipenda kwa mujibu wa kifungu cha nne. Aliyeitawala alikuwa Mtukufu Rais wa Mpito wa Maisha, na mpito wenyewe ulikuwa umeingia mwaka wa thelathini na moja.

Bi Siwatu binti Shomari alikuwa mchoraji wa herufi katika Kiwanda cha Chapa cha Serikali. Yeye ndiye aliyechora maandishi ya vyeti vya ndoa, ya mabango ya kukataza kukojoa ukutani, na ya kadi za mwaliko za Ikulu, ambazo kwa muda mrefu zilitofautiana na mabango kwa rangi tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, si msemaji sana, na kusahau hakukuwa tabia yake.

Kwa miaka sita, kila alipomaliza kazi ya serikali, alichora herufi zake mwenyewe. Kila herufi ilikuwa na mguu mmoja mnene na mmoja mwembamba. Mnene ulikuwa mnene kwelikweli, umesimama wima kama mchi. Mwembamba ulikuwa mwembamba hata ukaogopa kuupumulia. Katikati ya unene na wembamba hapakuwa na maelewano. Huu uliishia hapa, ule ukaanzia hapo hapo. Mwisho wa kila mguu palikuwa na kijiguu kilichonyooka, laini kama unywele, cha herufi kusimamia. Herufi ya o ilikuwa mashavu mawili yaliyonona, yameshikwa juu na chini kwa nyuzi mbili. Ukiziona zimeandikwa kubwa, urefu wa shubiri, ulinyoosha mgongo mwenyewe bila kuambiwa. Siwatu aliziita Mchi na Uzi.

Zilikuwa herufi za kuvaliwa sikukuu: za kadi ya harusi, za jalada la kitabu, za jina juu ya mlango wa duka la dhahabu. Hazikuwa za kila siku. Zikipigwa ndogo kwenye karatasi ya serikali, ile inayokwaruza vidole, mchi hubaki na uzi hukatika. Siwatu alilijua hilo kama mpishi anavyojua chungu chake kinaungulia wapi. Kwa hiyo pembeni mwa kila karatasi, na zilikuwa karatasi hamsini na nane, aliandika kwa mkono wake: *Mchi na Uzi. Mchoraji Siwatu binti Shomari. Kwa maandishi makubwa tu. Zikipigwa ndogo uzi hukatika.*

Hata mchoro mmoja alikuwa bado hajamwonyesha mtu alipoingia Mheshimiwa Kapalata.

Mheshimiwa Kapalata alikuwa Waziri wa Mwonekano wa Taifa. Siku hiyo alikuwa na shida. Sherehe za Mpito zilikuwa zimebaki wiki mbili na hakuwa na zawadi ya kumpa Mtukufu. Mwaka uliopita alimpa picha yake iliyotengenezwa kwa maharage, na panya wa Ikulu walikula sikio lote la kushoto, jambo lililoleta maneno. Alizunguka kiwanda akishikashika vitu, akafika kwenye meza ya Siwatu, akasimama.

"Binti, hizi za nani?" aliuliza. Siwatu alimzidi umri kwa miaka mitatu.

"Zangu, Mheshimiwa."

"Kalamu ya nani?"

"Ya serikali."

"Meza?"

"Ya serikali."

"Na mkono unakula wapi?"

Mheshimiwa alimpigapiga begani kwa upole, akazikunja karatasi zote hamsini na nane, akazitia kwapani. Siwatu alimfuata mpaka dirishani. Alimwona chini, ndani ya gari lake, akiomba mkasi kwa dereva. Aliikata ile pembe yenye jina, karatasi moja baada ya nyingine, bila kuisoma, akavitupa vipande kwenye mtaro wa maji machafu. Kazi hiyo ilimchukua dakika kumi. Siwatu alisimama dakika zote kumi, akivihesabu.

Mheshimiwa alikata jina, na pamoja na jina akakata onyo. Vilikuwa kwenye mstari mmoja.

*

Siku ya sherehe Mheshimiwa Kapalata alihutubia.

"Mtukufu," alisema, na sauti ikamkwama kwa unyenyekevu, "miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikiitazama mikono yako. Nikaona mkono wako wa kulia, mnene kwa maadui. Nikaona mkono wako wa kushoto, laini kwa wananchi. Nikalia. Kila chozi lililodondoka, Mtukufu, lilidondoka likiwa herufi!"

Watu walipiga makofi kwa dakika arobaini, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mtukufu naye akalia, akatoa amri papo hapo. Tangu siku hiyo kila karatasi ya serikali, tangu katiba mpaka risiti ya choo cha stendi, ipigwe kwa Fonti Kapalata. Ili kuokoa karatasi za kuchapia picha zake, herufi ziwe ndogo kadiri mashine inavyoweza. Na ili kumlinda mbunifu na mahasidi, yeyote atakayesema kwamba herufi hizo ni za mtu mwingine, akiwa anasema uongo atafungwa miaka mitatu, na akiwa anasema kweli atafungwa kumi na miwili. Wataalamu wa sheria walieleza kwamba uongo hufa wenyewe, lakini kweli isipodhibitiwa mapema huzaana.

Siwatu alihamishiwa chumba cha kutolea kopi, chini kabisa, karibu na matangi ya maji. Barua ilisema macho yake yamechoshwa na herufi za kizamani.

Hapo ndipo inabidi nieleze desturi ya kopi, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Katika nchi ile Karatasi Asili haikutoka nje ya kabati la chuma. Ofisi iliyo chini ya Ikulu ilipewa kopi. Ofisi iliyo chini yake ilipewa kopi ya kopi hiyo. Iliyofuata, kopi ya kopi ya kopi, na hivyo hivyo ngazi tisa, mpaka kwa wadogo kabisa. Mdogo akitolewa kopi kutoka kwenye asili ilihesabiwa kuwa amemrukia mkubwa wake, na kumrukia mkubwa ni utovu wa adabu wenye kifungu chake. Zamani, kwa herufi nene za mabango, haikudhuru. Karatasi ilifika chini imefifia kidogo, lakini inasomeka.

Mwendesha mashine katika chumba kile alikuwa Somoe, mwanamke mwepesi wa kucheka. Siku ya kwanza alipotoa waraka kwa Fonti Kapalata, aliitazama kopi, kisha akatoa kopi ya ile kopi, akamgeukia Siwatu.

"Shoga, hizi nyuzi zinakwenda wapi?"

"Zinakatika."

"Ikifika ya tisa?"

"Itabaki michi mitupu."

"Haya, si upande juu ukawaambie!"

"Nimeulizwa?"

"Siwatu!"

"Mwenye herufi ni Mheshimiwa. Mwenye mbuzi ndiye ajuaye mbuzi wake anapiga pembe wapi."

Somoe alimtazama, akacheka mpaka akakaa chini. Siwatu hakucheka. Alikaa kimya, na nisiwadanganye kwamba ulikuwa ukimya wa unyonge. Ulikuwa wa kukusudia, na alionja utamu wake kila asubuhi alipowasha mashine.

Msimhurumie sana mwananchi. Waraka wa kukataza kupika pilau siku zisizo sikukuu ulifika vijijini ukiwa vijiti vilivyosimama, na watu wakaendelea kupika. Waraka wa kuwahamisha watu wa bondeni ukafika vilevile, na watu wa bondeni wako bondeni mpaka leo, wamepanda na migomba. Kwa miezi saba nchi haikupata amri hata moja, na wageni waliopita walisema inaonekana imenawiri.

*

Kisha Mtukufu akatamani kutembelea wilaya ya Kishindo.

Waraka uliandikwa vizuri. Ulisema wananchi wote wasimame uwanjani kwa safu zilizonyooka kuanzia saa mbili asubuhi, na wapige makofi kila Mtukufu anapovuta pumzi. Somoe alitoa kopi ya kwanza, ukashuka. Kwa Mkuu wa Wilaya ya Kishindo ilifika kopi ya saba.

Mkuu wa Wilaya alivaa miwani. Aliona safu ishirini na nne za vijiti vinene vilivyosimama wima, na kati yao hakuna kitu. Kuuliza hakuweza, kwa kuwa kuuliza ni kumwambia mkubwa kwamba amekutumia uchafu. Akaita kamati yake ya usalama. Kamati ikaigeuza karatasi juu chini, ikairudisha.

"Ni mchoro," alisema katibu wake hatimaye.

"Nami nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme," alisema Mkuu wa Wilaya kwa faraja kubwa.

Vijiti vilihesabiwa kwa kidole. Vilikuwa elfu moja mia nne na kumi na viwili. Wilaya nzima ikapelekwa msituni kukata nguzo, ikazisimika uwanjani safu kwa safu, kama karatasi ilivyoonyesha. Siku yenyewe ilipofika zilikuwa zimepungua sitini, na wananchi wote, pamoja na walimu na wagonjwa wanaoweza kutembea, walikuwa bado msituni.

Mtukufu aliwasili saa nne. Akapanda jukwaani, akainua mkono, akaona nguzo. Nguzo zimepangwa vizuri, zimemenywa maganda, zimemwelekea. Hapakuwa na mtu. Itifaki ya nchi ile haikuruhusu hotuba kuahirishwa, na redio ilikuwa imeshafungua matangazo ya moja kwa moja, kwa hiyo alihutubia. Alizihutubia zile nguzo kwa saa mbili na nusu. Kila alipovuta pumzi alisubiri makofi, na kila aliposubiri taifa zima lilisikia kimya. Alipofika kwenye sehemu ya kuwashinda maadui, ndege kigong'ota alitua juu ya nguzo ya mbele na kuanza kazi yake, na sauti hiyo ilikwenda hewani vizuri kabisa.

Chumbani kwa kopi, Somoe aliizima redio kwa sababu mbavu zilimuuma. Siwatu akaiwasha tena.

Mheshimiwa Kapalata aliletwa mbele ya Mtukufu jioni ile ile.

"Nguzo ni alama ya uthabiti, Mtukufu," alijaribu.

"Na ndege?"

Alipelekwa gereza la Mlimani, kukaa huko mpaka Mtukufu atakapopenda. Siku hiyo hiyo ikatolewa amri ya kufuta Fonti Kapalata. Lakini amri ya kufuta nayo ni karatasi ya serikali, na karatasi ya serikali ni lazima ipigwe kwa Fonti Kapalata mpaka itakapofutwa. Ilishuka ngazi tisa, ikafika ikiwa vijiti. Maofisa waliipokea kwa heshima, wakaibandika ukutani, wakaendelea na Fonti Kapalata.

"Haya, Mungu si Athumani," alisema Somoe. "Jamaa ndani! Umefurahi?"

"Nusu," alisema Siwatu.

"Nusu kwa nini?"

"Kafungwa kwa ajili ya nguzo. Kwa wizi wake hajafungwa. Na herufi bado zinaitwa Kapalata."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hakutaka zawadi wala pole. Alitaka kulisikia jina lake likitoka katika kinywa kile kile kilichotangaza machozi ya herufi, na liandikwe mahali.

*

Mwaka ulipita. Mtukufu alianza kumkumbuka Kapalata, kwa sababu mawaziri waliobaki walicheka mizaha yake kwa kuchelewa. Ijumaa moja, baada ya kula vizuri, akaandikisha hati ya msamaha, akatia saini.

Hati ilipofika chumba cha kopi, Somoe alikuwa ameenda kutafuta wino. Siwatu aliipokea yeye. Aliisoma mara tatu. Mara ya tatu kidole chake kilisimama kwenye mstari wa mwisho, kikakaa hapo muda. Kisha akatoa kopi moja, safi, kama sheria inavyotaka, akairudisha asili kwenye kabati lake la chuma.

Hati ilishuka taratibu, siku kumi na moja. Mkuu wa gereza la Mlimani, Afande Kihwele, alipata kopi ya tisa. Alikuwa mtu mwangalifu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akamwita Kapalata, akamwekea karatasi mezani.

"Mheshimiwa, karatasi za aina hii kwangu huja mbili tu. Moja ya kuachiwa, moja ya kitanzi. Zina urefu mmoja. Mimi hapa naona vijiti. Herufi ni zako, nisomee."

Kapalata aliinama juu ya karatasi. Jasho lilimdondokea juu yake, na halikudondoka likiwa herufi. Alihama kutoka mwanzo kwenda mwisho, akarudi. Hakuweza kutambua hata jina lake mwenyewe.

"Kuna mama mmoja," alisema kwa sauti ndogo. "Yuko Kiwanda cha Chapa. Anaitwa Siwatu."

Siwatu aliitwa Jumatatu, akaenda Jumanne. Alioga, akajifunga kanga mpya. Afande Kihwele aliyasoma maandishi ya kanga yote, MCHIMBA KISIMA HUINGIA MWENYEWE, akayasoma tena kwa raha, maana hayo ndiyo maandishi ya kwanza kumfikia mwaka ule yakiwa yanasomeka.

"Karibu, mama. Keti. Tusomee hii."

Siwatu aliitazama karatasi. Alihitaji kuitupia jicho mara moja tu. Umbali wa kila mchi na mwenzake aliupima yeye kwa miaka sita. Uzi uwepo usiwepo, alijua ulipopita.

"Siwezi, Afande."

"Huijui?"

"Herufi ni za Mheshimiwa, imo kwenye sheria. Mimi nikijitia kuzijua kuliko mwenyewe, nitakuwa nimesema nini?"

Afande Kihwele alifikiri. "Kosa," alikubali. "Kosa kabisa."

"Basi mwenyewe aseme ni za nani. Mimi nitasoma."

Kapalata alikuwa amekonda, na suruali ya gereza ilishikwa na kamba.

"Siwatu," alisema. "Binti..." Siwatu alitazama dirishani. "Dada Siwatu." Aliendelea kutazama dirishani. "Mama yangu. Nihurumie, mama. Ni ya kitanzi?"

Siwatu alinyoosha kanga yake. Kapalata, ambaye ukimwondolea yote bado alikuwa mwanasiasa, akaanza kupiga hesabu. Kama ni kitanzi, miaka kumi na miwili ya kusema kweli ataitumikia wapi, kaburini? Na kama ni msamaha, si msamaha hufuta yote? Kwa upande wowote hakuna hasara. Uso ukamkunjuka kidogo, kwa kuwa alijiona mjanja kuliko wote wawili.

"Herufi ni zake," alisema.

"Sema vizuri, Mheshimiwa," alisema Afande akifungua daftari la matukio. "Naandika."

"Herufi ni za Siwatu binti Shomari. Alizichora yeye."

"Miaka mingapi?" aliuliza Siwatu.

"Sijui."

"Sita. Sema."

"Sita."

"Zinaitwaje?"

"Sikumbuki, mama, wallahi! Palikuwa na jina pembeni, nikalikata."

"Mchi na Uzi."

"Mchi na Uzi," alisema Kapalata, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuisimulia habari yake, aliona haya. "Nilikuibia. Nilikaa kwenye gari nikakata jina lako kwa mkasi. Haya, soma!"

Siwatu alifumba macho kidogo. Nitasema lilivyo: alifurahi. Alifurahi kama mtu aliyekuwa na mwiba kwenye unyayo mwaka mzima na umetoka. Kisha akaishika karatasi, akasoma kwa sauti, bila kukwama popote.

"Mimi, Mtukufu Rais wa Mpito wa Maisha, kwa huruma yangu isiyo na kipimo, namsamehe Kapalata makosa yote aliyoyatenda, yanayojulikana na yasiyojulikana, na naamuru aachiwe."

Kapalata alipiga magoti. Alilia, akaibusu meza, akambusu Afande mkono, akataka kumbusu Siwatu miguu, naye akaivuta.

"Sijamaliza," alisema Siwatu. "Yote aliyoyatenda tangu kuzaliwa kwake mpaka jua litakapozama leo hii, siku ya Ijumaa, ninapotia saini."

Afande Kihwele alitazama kalenda ukutani. Akatazama saa yake. Akatazama daftari, mahali alipoandika kwa mkono wake kwamba tukio limetokea Jumanne, saa tano na robo asubuhi.

"Ulijua!" alisema Kapalata. "Wewe mwanamke, ulijua!"

"Mimi ndiye niliyeitoa kopi, Mheshimiwa. Ungeniuliza."

"Afande, lakini nilichosema ni kweli! Kweli tupu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Afande Kihwele kwa huzuni ya dhati. "Ingekuwa uongo ningekuandikia mitatu."

Walimwachia huru mpaka nje ya geti, kama hati ilivyoamuru. Akasimama hapo uraiani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, wakamkamata, wakamrudisha kwa ile miaka kumi na miwili.

Yalibaki maandishi ya kukiri. Yalitakiwa kupanda ngazi zote tisa mpaka Ikulu, kopi ya kopi, na Afande Kihwele alikuna kichwa.

"Mama, hili litafika juu likiwa vijiti. Na sheria inataka Fonti Kapalata."

"Mwenyewe kakwambia hakuna kitu cha jina hilo. Nipe kalamu."

Akaandika kwa mkono, papo hapo, juu ya meza ya gereza: herufi nene huku na nene kule, bila uzi hata mmoja, zimebanana, zimevimba. Hazikuwa na mwendo wala haya. Tangu ashike kalamu hakuwahi kuchora herufi mbaya kama zile, na jina la Siwatu binti Shomari lilisomeka mpaka kopi ya tisa.